Je, nijipashe joto ili kinga ya mwili ipambane vizuri?

"Daktari, mimi nikihisi mafua yanakuja huwa sisubiri. Najifukiza, naoga maji ya moto kadiri ninavyoweza kuvumilia, kisha najifunika blanketi mbili hadi jasho linitoke. Nilisoma kwamba joto linaamsha kinga na kuua virusi, na kwamba dawa za kushusha homa zinadhoofisha kinga. Mwezi uliopita homa ilifika 38.7. Sikumeza kitu hadi siku ya tatu, nikawa hoi kitandani, hata maji yalinishinda. Mke wangu ni kinyume changu kabisa. Kipimajoto cha mtoto wetu wa miaka mitatu kikionyesha 37.6 tu, mtoto ananyweshwa dawa na kupanguswa kwa maji baridi ili asipate degedege. Kati yetu nani yuko sahihi? Na je, mtu asiyeumwa anaweza kujipandisha joto la mwili mara kwa mara ili kinga yake iwe imara?"

Ndugu yangu, wewe na mkeo kila mmoja ana nusu ya ukweli. Wewe hukukosea kusema kwamba homa inaisaidia kinga. Ulipokosea ni pale ulipodhani joto lolote, litoke wapi litokako, linafanya kazi ya homa. Mkeo naye hakukosea kutaka mgonjwa anayeteseka ahudumiwe mapema. Kosa lake ni kuiogopa namba. Nitaanza na hiyo namba, maana naona ndiyo inayowagombanisha.

Ile 37 tunayoitaja sote ilienezwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1868 baada ya kupima makwapa ya maelfu ya wagonjwa huko Leipzig. Ni wastani tu, na vipimo vya siku hizi huonyesha wastani ulio chini kidogo ya hapo. Joto la mtu yuleyule hushuka alfajiri na kupanda jioni, tofauti ikiwa nyuzi 0.5 au zaidi. Mtoto aliyetoka kukimbia, au aliyevishwa sweta nzito chumbani, anaweza kabisa kufika 37.6 bila ugonjwa wowote. Madaktari wengi huanza kuita homa kuanzia 38. Kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo au njia ya haja kubwa, kwa hiyo pimeni mahali palepale kila mara, la sivyo mtajikuta mnashangilia nafuu ambayo haipo. Kwa ufupi, mtoto wenu wa 37.6 anayecheza hakuwa na homa ya kutibiwa.

Sasa homa yenyewe. Wengi hudhani kijidudu ndicho kinachotuchemsha. Ukweli ni kwamba mwili unajipasha wenyewe, kwa amri inayotoka ubongoni. Chembe nyeupe za damu zinazolinda doria kwenye tishu, hasa zile ziitwazo makrofaji, zikikutana na kipande cha ukuta wa bakteria au chembe za urithi za virusi, humwaga protini ndogo za kupelekeana taarifa, yaani saitokini. Zinazohusika zaidi na homa ni intalukini-1 na intalukini-6. Hizi husafiri na damu hadi kwenye mishipa midogo ya haipothalamasi, sehemu iliyo upande wa chini wa ubongo ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili. Hapo seli za mishipa hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2, na kemikali hiyo ndiyo inayobadilisha kiwango ambacho ubongo unakilinda. Asubuhi ulikuwa unalinda 37. Usiku huu umeamua kulinda 39.

Tazama kinachofuata, maana umekipitia bila shaka. Uko kwenye 37.4 na ubongo unataka 39, kwa hiyo kwa hesabu za ubongo una baridi. Mishipa ya ngozi inajibana. Vidole vinapoa na kucha zinapauka. Vinyweleo vinasimama. Unajikunja, magoti yanakaribia kidevu, unavuta shuka, halafu meno yanaanza kugongana. Ule mtetemeko ni misuli inayofanya kazi kwa nguvu bila kukupeleka popote, na zao lake ni joto. Mtu akikushika mkono anasema umepoa. Akikushika kifua anashtuka. Baada ya muda kipimajoto kinafika kiwango kile, mtetemeko unakoma, unabaki umewaka na mwili unauma. Ubongo utakaporudisha kiwango chini, iwe ni kwa sababu maambukizi yamezidiwa au kwa sababu umemeza dawa, kila kitu kinageuka. Mishipa inafunguka, uso unakuwa wa moto, jasho linakutoka hadi shuka linalowa.

Nadhani hapo ndipo lilipoanzia lile wazo la kutoa jasho ili ugonjwa utoke. Jasho huja pamoja na nafuu, basi watu wakaamini jasho ndilo lililoleta nafuu. Mambo yako kinyume: nafuu imeshaanza, na jasho ni njia ya mwili ya kujipoza. Virusi vya mafua havitoki kwa vinyweleo. Jasho unalolilazimisha chini ya blanketi mbili linakuondolea maji na chumvi, na hicho ndicho kitu ambacho wewe, siku ile ya tatu, hukuwa nacho cha kupoteza.

Je, hilo joto lina faida, au ni adha tu inayoambatana na ugonjwa? Kwa muda mrefu hata madaktari walibishana. Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanywa na Matthew Kluger na wenzake huko Michigan, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1975. Walichukua igwana wa jangwani, mijusi ambao hawawezi kujitengenezea joto kutoka ndani; wakitaka joto huhamia palipo na joto. Mijusi hao walipoambukizwa bakteria walichagua wenyewe kukaa mahali penye joto zaidi kuliko kawaida yao. Kisha watafiti wakawanyima uchaguzi: kila kundi likafungiwa kwenye joto moja. Waliowekwa kwenye joto la juu, nyuzi 40 hadi 42, walipona kwa wingi kuliko waliowekwa kwenye 34 au 36. Mwaka uliofuata mijusi walioambukizwa wakapewa dawa ya kushusha homa, na wale ambao joto lao halikupanda wakafa. Mjusi si mtu, nakubali. Lakini samaki, wadudu, ndege na wanyama wanyonyeshao wote hupandisha joto wakiambukizwa, kila mmoja kwa njia yake, na jambo lenye gharama kubwa namna hiyo lisingedumu kwa viumbe wote hao kama halina faida.

Faida hiyo inapatikana wapi hasa? Hapa ndipo elimu imesonga mbele sana. Chukua seli T, mojawapo ya chembe nyeupe zinazoongoza mapambano. Ili ikutane na taarifa za adui inabidi iingie kwenye tezi ya limfu, zile tezi zinazovimba shingoni ukiumwa koo. Lakini seli hiyo inapita kwenye damu inayokwenda kasi. Lazima iguse ukuta wa mshipa, ibingirike juu yake, isimame kabisa, kisha ipenye katikati ya seli za ukuta. Nyingi hupitwa na nafasi hiyo, zikachukuliwa na mkondo. Kundi la mtafiti Sharon Evans, kule Roswell Park, kituo cha saratani mjini Buffalo, Marekani, limeonyesha kwamba joto la kiwango cha homa huimarisha kushikana huko pande zote mbili, upande wa seli na upande wa ukuta wa mshipa, huku intalukini-6 ikisaidia. Mwaka 2019 watafiti wa China walieleza njia nyingine, wakitumia panya: seli T ikipashwa hadi nyuzi 38.5 hivi hutengeneza kwa wingi protini ya kukabili joto iitwayo Hsp90, nayo hujishika kwenye vibanio vya nje vya seli na kuviamsha. Nyuzi 38 hazikutosha kuleta badiliko hilo. Kwa hiyo tofauti ya nusu nyuzi, ambayo kwenye kipimajoto inaonekana si kitu, kwa seli inaweza kuwa kubwa.

Mwaka 2024 kundi la Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, lilikuza seli T za panya kwenye nyuzi 39 badala ya 37. Ziliongezeka haraka zaidi na kutoa saitokini nyingi zaidi, na zile ambazo kazi yake ni kutuliza vita zikapungukiwa na nguvu ya kutuliza. Ila kulikuwa na bei. Aina mojawapo ya seli hizo ilipata msukosuko kwenye mitokondria, vinu vyake vya nishati, DNA yake ikadhurika, na baadhi zikafa. Zilizonusurika zilikuwa na nguvu zaidi. Nataka ukumbuke sehemu zote mbili za matokeo hayo, kwa sababu wanaouza joto kama tiba hunukuu ile ya kwanza peke yake.

Vipi kuhusu kuua virusi? Hapa lazima nikukatishe tamaa. Nyuzi 39 hazipiki virusi vya mafua. Kwenye maabara, ili kuviharibu kwa joto, kwa kawaida hupashwa hadi nyuzi 56 kwa nusu saa, na wewe ungekuwa umekufa zamani. Kinachotokea ni cha taratibu zaidi. Baadhi ya virusi, kama rinovairasi wanaoleta mafua ya kawaida, huzaana vizuri kwenye nyuzi 33 hadi 35, joto la ndani ya pua, na hupata shida kadiri joto linavyopanda. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha, kwa seli za njia ya hewa za panya, kwamba sehemu ya shida hiyo inatokana na seli zenyewe: kwenye 37 zilipiga yowe la intafaroni, protini za kuonya kwamba virusi vimeingia, kwa nguvu zaidi kuliko kwenye 33. Kwa bakteria kuna ujanja mwingine. Wakati wa homa ini huficha madini ya chuma yasipatikane kwenye damu, na baadhi ya bakteria wakiwa kwenye joto la juu hushindwa kukua bila chuma hicho. Lakini wapo vijidudu wasiojali kabisa kama uko 37 au 39.1.

Umeuliza kama mtu anaweza kutumia joto kwa makusudi. Watu wameshajaribu, tena kwa njia za kutisha. Mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, aliwaambukiza malaria wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, ili homa kali za malaria ziwasaidie, kisha akatibu malaria kwa kwinini. Baadhi walipata nafuu katika ugonjwa ambao wakati huo ulimaanisha wazimu na kifo, na mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Baadhi ya wagonjwa walikufa kwa tiba yenyewe. Penisilini ilipopatikana miaka ya 1940 mambo hayo yakaachwa, na hakuna daktari mwenye akili timamu anayeyatamani leo.

Joto linalotoka nje ya mwili lina tofauti moja kubwa na homa. Unapokuwa na homa, ubongo ndio uliopandisha kiwango, na joto linakuja pamoja na saitokini, chembe nyeupe zilizoitwa kutoka kwenye uboho wa mifupa, chuma kilichofichwa, usingizi na kukosa hamu ya kula. Unapoingia kwenye maji ya moto bila kuumwa, kiwango kimebaki 37 na ubongo unahangaika kukupoza: mishipa inafunguka, moyo unakwenda mbio, jasho linamwagika. Umepiga kengele ya darasa wakati wanafunzi hawapo. Ni kweli ukikaa vya kutosha kwenye maji ya nyuzi 40 joto la ndani litapanda, na vipimo vya damu vitaonyesha intalukini-6 na protini za kukabili joto zikiongezeka kwa saa chache. Lakini kubadilika kwa vipimo vya damu hakumaanishi utaumwa mara chache.

Ushahidi wa wanaotumia sauna upo, nami siubezi. Jaribio dogo la Austria lililochapishwa mwaka 1990, lenye watu 50, liligundua kwamba waliotumia sauna mara kwa mara kwa miezi sita walipata mafua mara chache kuliko wenzao, hasa miezi ya mwisho. Huko Finland, wanaume wanaoingia sauna mara nyingi kwa wiki wameonekana kupata nimonia mara chache. Ila mwenye kuingia sauna mara nne kwa wiki kwa kawaida ni mtu mwenye afya ya kutosha kuvumilia sauna, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kimeleta kipi. Ukiwa mzima, moyo wako uko sawa, huna mimba na unapenda joto, maji ya moto au sauna kwa kiasi ni starehe isiyo na hatia. Usiyahesabu kama chanjo. Tena mazoezi ya kutoa jasho nayo hupandisha joto la ndani, mara nyingi kupita nyuzi 38, na faida zake kwa afya zina ushahidi mwingi zaidi. Pesa na muda wako ningeviweka huko.

Kujifukiza ni jambo jingine kabisa. Mvuke hulainisha makamasi na kukupa nafuu ya dakika chache, lakini haupandishi joto la ndani la mwili kwa kiasi cha maana, na tafiti zilizokusanywa pamoja kuhusu kuvuta hewa ya joto yenye unyevu wakati wa mafua hazijaonyesha faida ya kutegemewa. Kinachoonekana wazi ni majeraha ya moto, hasa kwa watoto: sufuria inateleza mapajani, au mtoto anavuta kitambaa. Mtoto wa miaka mitatu asiwekwe karibu na sufuria ya maji yanayochemka, kwa sababu yoyote ile. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya aina hii kuhusu kuoga maji ya moto ili kuzuia korona: joto la mwili hubaki karibu palepale, na maji ya moto mno yanaunguza.

Hatari zaidi ni kuchanganya vyote, yaani kujipasha wakati tayari una homa. Wakati wa kutetemeka, blanketi moja ni huruma. Mwili unalitaka joto na ukijifunika unaupunguzia kazi ya misuli. Mtetemeko ukishaisha, jifunue. Ukiendelea kujizungushia blanketi mbili baada ya kuoga maji ya moto unaziba njia ambazo mwili unatumia kujizuia usipite kiwango. Homa ya kawaida huwa na breki zake, ndiyo maana mara chache hupita 41. Joto la kulazimishwa halina breki hizo. Kuanzia hiyo 41 na kuendelea protini za mwili huanza kuharibika, na ubongo huumia wa kwanza.

Hata homa ya kiasi ina gharama. Kwa kila nyuzi moja inayopanda, matumizi ya nishati hupanda kwa takriban asilimia 10 au zaidi kidogo, na moyo huongeza mapigo yapatayo 10 kwa dakika. Kijana mwenye afya hulipa gharama hiyo bila shida. Mzee mwenye moyo dhaifu, mtu mwenye ugonjwa wa mapafu, au mama mjamzito hawezi kuambiwa "acha homa ifanye kazi" kana kwamba haimgharimu kitu.

Basi tuje kwenye dawa. Parasetamoli na ibuprofeni huzuia utengenezaji wa ile prostaglandini, ubongo unarudisha kiwango chini, na maumivu yanapungua. Je, zinadhoofisha kinga? Kidogo, pengine, katika hali fulani. Jaribio la mwaka 1989 kwa watoto wenye tetekuwanga lilionyesha vidonda vikichelewa kidogo kukauka kwa waliopewa parasetamoli. La mwaka 1990 kwa watu wazima walioambukizwa rinovairasi kwa hiari yao lilionyesha kingamwili (protini za kunasa vijidudu) pungufu na pua iliyoziba zaidi kwa waliotumia aspirini au parasetamoli. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 wagonjwa 700 waliokuwa mahututi kwa maambukizi, huko Australia na New Zealand, waligawanywa, nusu wakipewa parasetamoli ya homa na nusu dawa isiyo na kitu. Vifo havikutofautiana. Kama kushusha homa kungekuwa kunaivunja kinga jinsi unavyoogopa, ningetarajia kuona athari yake hapo, kwa watu walio kwenye ukingo wenyewe.

Msimamo wangu baada ya kupima yote hayo ni kwamba dawa inywewe kwa ajili ya mateso, si kwa ajili ya namba. Ukiwa na 38.7 na unaweza kunywa maji, kula kidogo na kulala, huna sababu ya kumeza chochote. Ukiwa na 38.7 na kichwa kinapasuka, hulali, na maji yanakushinda kama yalivyokushinda wewe, meza parasetamoli, kwa sababu mgonjwa aliyeishiwa maji na usingizi anapoteza zaidi ya anachopata kutokana na nyuzi moja ya joto. Mtu mzima asipite gramu 4 ndani ya saa 24, na aliye na uzito mdogo, ugonjwa wa ini au mazoea ya pombe aulize kwanza, kwani kiwango chake ni cha chini. Soma vibandiko vya dawa za mafua za mchanganyiko. Nyingi zina parasetamoli ndani na watu hujikuta wamekunywa maradufu bila kujua. Mtoto hupimiwa dozi kwa uzito wake, kwa kipimo kilichokuja na chupa. Kijiko cha jikoni hakifai. Aspirini asipewe kabisa mtoto au kijana anayeumwa virusi, kwa sababu ya ugonjwa nadra lakini mbaya unaoshambulia ini na ubongo. Ibuprofeni iachwe mtu akiwa ameishiwa maji, na ikiwa kuna wasiwasi wa homa ya dengi iachwe pamoja na aspirini, kwani zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Kuna mahali pamoja ninapokuunga mkono bila kusita: chanjo. Utafiti wa Jamhuri ya Cheki wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa parasetamoli kwa utaratibu tangu wakati wa kuchanjwa, kabla hata ya homa kuonekana, walitengeneza kingamwili pungufu kwa baadhi ya chanjo. Kwa hiyo msimnyweshe mtoto dawa kabla ya sindano ili kuwahi homa. Homa au maumivu yakija baadaye na yakamsumbua, mpeni.

Kuhusu degedege, nielewe mapema kwamba hofu ya mkeo ina msingi; hakuna mzazi anayeliona mara moja akalisahau. Degedege la homa huwapata watoto kati ya 2 na 5 katika kila 100, zaidi kati ya miezi sita na miaka mitano. Lakini kushusha homa kwa dawa hakujaonyesha kulizuia, hata kwa watoto waliowahi kulipata, na mara nyingi halimwachii mtoto madhara ya kudumu. Maji baridi ni mabaya zaidi ya kutosaidia. Ngozi inapoa, kiwango cha ubongo kimebaki juu, mtoto anatetemeka, analia, na anatengeneza joto jingine. Mpunguzieni nguo, mpeni vinywaji kidogo kidogo mara nyingi, na akilala msimwamshe kwa ajili ya dawa. Degedege likitokea, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie chochote mdomoni, tazameni saa. Likipita dakika 5, au likijirudia, piteni moja kwa moja hospitali. Likiwa la mara ya kwanza, hata likiisha lenyewe, aonwe siku hiyohiyo.

Sasa wakati ambao mazungumzo haya ya kuvumilia homa hayahusiki. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye 38 au zaidi apelekwe hospitali mara moja, hata akionekana mzima. Vivyo hivyo mtu anayetibiwa saratani kwa kemikali, aliyepandikizwa kiungo, au ambaye kinga yake imeshuka kwa sababu nyingine; huyo akifika 38 asisubiri kesho. Mtu wa umri wowote aende haraka akiwa anahema kwa shida, shingo imekaza, anachanganyikiwa au haamki vizuri, hakojoi, anatapika kila kitu, au ana madoa ya rangi nyekundu au zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope za chini. Unaishi penye malaria, au umetoka huko wiki au miezi ya karibuni? Basi homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, maana malaria haionyeshi tofauti na mafua siku ya kwanza. Mjamzito mwenye homa asikae nayo nyumbani. Mtu mzima ambaye homa imeingia siku ya nne bila dalili ya kupungua, mtoto ambaye imefika siku ya tano, au yeyote aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa kishindo, wote waonwe.

Na mtu aliyezidiwa na jua au kazi ya joto, mwili unawaka na maneno hayaeleweki, huyo hana homa. Kiwango cha ubongo wake hakijapanda, kwa hiyo parasetamoli haimsaidii hata kidogo. Yeye ndiye wa kumwagiwa maji, kupepewa na kupozwa papo hapo huku msaada ukiitwa.

Wewe mwenyewe, kwa kuwa ulifika siku ya tatu ukashindwa hata kunywa maji, safari nyingine usingoje hadi hapo. Mkienda kuonwa, nendeni na karatasi yenye mistari michache: kila joto mlilopima na mahali mlipopimia, saa, na dawa iliyonywewa pamoja na kiasi chake. Mkiwa mmetoka safari, andikeni mlikokwenda na lini mlirudi. Ni maswali ambayo daktari atauliza mwanzoni kabisa, na saa tisa za usiku hakuna anayeyakumbuka.